Gonga Mara Tatu

4 Februari

Kwako mume wangu, Baba Pacha,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, na mapacha wetu wazima, na wale kuku wazima kama hamjawala. Mimi nimefika salama huku ugenini. Koo ni lile lile. Dada yako yuko hapa pembeni anakoroma mchana kweupe kama mashine ya kusaga, na sina sauti ya kumwamsha. Wifi kaja kuniuguza, lakini mpaka sasa mimi ndiye ninayemfunika shuka.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi. Tufanyeje? Juzi tulipopigiana simu mimi nilinong'ona, hukusikia. Ikafika zamu yako, hukusema. Simu ya watu wawili wa namna hiyo ni kuwatajirisha wenye mitambo ya simu bure. Basi nitaandika, wifi ataipiga picha karatasi na kuituma kwenye simu ya binti yetu mkubwa, na wewe utanijibu hivyo hivyo. Miaka yote ya ndoa yetu nimesema mimi, umetikisa kichwa wewe. Sasa nataka kuona kama kalamu itakutoa neno.

Tumepata chumba karibu na hospitali. Kina vitanda viwili, kabati lisilofungika na dirisha linalotazama mahali wanapoanika mashuka ya wodini. Jana waliniingiza puani mpira wenye kamera, wakaliona koo langu kwenye kioo kikubwa. Daktari wa koo ni mwanamke mrefu, mikono ya baridi, hacheki ovyo. Tunaelewana kupitia mkalimani, mama mmoja mstaarabu mno, ambaye nina hakika maneno yangu huyafua kwanza kabla ya kuyafikisha.

Huko nyumbani mionzi iliposhindwa walisema hakuna jingine ila kukata kisanduku cha sauti. Huku wana mashine ambazo kwetu hazipo. Nimekuja kupona kansa na nimekuja kurudi na sauti yangu. Vyote viwili. Sikusafiri mbali hivi ili nichague.

Sasa la soko. Meza yangu ya mnada isikae wazi. Yule jamaa anayenadi kwa kipaza sauti ameitamani tangu zamani, na karani wa soko akiiona tupu ataigawa. Acha mizani, ushike mnada wewe. Panda juu ya kreti langu, vuta pumzi kutoka tumboni, paza sauti. Bei ikifika mwisho unaachia, "Imekwendaaa!" na unaivuta mpaka wale wa getini wasikie. Si kazi ngumu. Ni kupiga kelele tu.

Mkeo,
Mama Pacha


9 Februari

Mke wangu, Mama Pacha,

Pole na safari, pole na mpira wa puani. Sisi hatujambo. Kuku wamebaki wengi. Dada yangu amekoroma hivyo hivyo tangu utotoni, tulimzoea kwa kulala nyumba ya jirani.

Umesema ni kupiga kelele tu. Sikiliza basi.

Nilipanda juu ya kreti lako. Nilivuta pumzi kutoka tumboni kama ulivyoniagiza. Nikafungua mdomo kutangaza kabichi, na kilichotoka mpaka leo sijui nikiite nini. Mlango wetu wa jikoni unalia vizuri zaidi. Soko zima lilicheka. Mpakiaji mmoja alikaa chini kabisa, ameshika mbavu.

Nilishuka. Nilitaka kwenda nyumbani nikajifungie. Lakini lori lilikuwa limejaa, wakulima wanasubiri, na yule jamaa alishaanza kukipuliza kipaza sauti chake, fuu, fuu, akikijaribu. Nikapanda tena. Mkononi nilikuwa na kufuli la ghala, lile kubwa. Nikaligonga mezani, wakanyamaza. Nikaonyesha gunia, nikaonyesha bei ya kuanzia kwa vidole. Mtu mmoja akacheka lakini akainua kidole. Mwingine akaongeza chake. Nikagonga mara moja, bei imeingia. Mara mbili, nangoja mwenye kuongeza. Mara tatu, imekwenda. Nikauza lori zima sijafungua mdomo.

Tatizo ni moja. Muuza chai alikuwa anapita na birika lake, akamwinulia mkono shemeji yake upande wa pili kumsalimu. Nikagonga mara tatu. Sasa muuza chai ana magunia saba ya vitunguu na hataki kuongea nami. Chai yenyewe nainunua kwa ishara.

Nashangaa nimeandika yote haya. Kalamu hainioni, labda ndiyo maana.

Niambie mashine zimesema nini.

Mumeo,
Baba Pacha


17 Februari

Baba Pacha,

Hujambo, hamjambo, kuku hawajambo. Leo usinidai salamu ndefu.

Daktari alituita ofisini, mimi na wifi. Uvimbe umerudi na umeshika kisanduku cha sauti chote. Zile mashine nilizozililia wamezitumia zote, na zote zimesema maneno yale yale ya nyumbani. Kitolewe chote. Nitapumua kwa tundu shingoni. Sauti yangu ndiyo basi. Huenda baadaye wakanifundisha kusema kidogo kwa kidude, lakini sauti ya kidude ni ya kidude. Wakikata sasa, nina nafasi nzuri ya kupona. Wasipokata, nina miezi.

Nikafanya kile unachonijua nacho. Nikaanza kupatana naye. Nikanong'ona, chukua nusu. Akatikisa kichwa. Nikasema, basi chukua robo tatu, uniachie hata ya kuwaita watoto chakulani. Akasema kuacha kidogo kungewezekana uvimbe ulipokuwa mdogo. Nikamwambia, bei yako kubwa mno mama, hapa huuzi. Mkalimani alisita sana, sijui alilipindisha vipi, maana daktari alinyoosha ile mikono yake ya baridi akanishika wangu.

Nilimkazia macho kama ninavyomkazia mnunuzi, nikitafuta pale anapodanganya. Hakudanganya popote. Ile ni bei yake ya mwisho.

Nami siinunui. Nisikilize mume wangu. Mimi sokoni wananiita Kengele. Wapo ambao hata hawajui kama nina jina jingine. Kengele ukiing'oa ulimi inabaki nini? Bakuli. Nimelea watoto kwa koo hili, nimejenga kwa koo hili, wewe mwenyewe ulinifuata kwa sababu ya koo hili, na usikatae, ulinisikia kabla ya kuniona. Nitafutie tiketi nirudi. Hiyo miezi niliyobakiwa nitaimaliza juu ya kreti langu nikipiga kelele, kama koo litaniruhusu.

Na huo upuuzi wako wa kufuli ukome. Nimekuachia soko, umeligeuza maktaba.

Nimelia sana leo. Hata kulia kwenyewe hakusikiki.

Mkeo,
Mama Pacha


19 Februari

Mke wangu,

Hapa wote hatujambo, isipokuwa mimi.

Tiketi sikuitafuta. Kasirika.

Barua yako niliisoma nimesimama ghalani, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikaenda kushika mnada kwa sababu malori yalikuwa yamefika na sikujua pa kujiweka. Ndipo nikaona jambo ambalo nilikuwa nalitazama siku zote hizi bila kuliona. Nivumilie nilieleze, sijazoea.

Soko limebadilika. Nikigonga kufuli, hata wapakiaji wanashusha mizigo taratibu. Wanunuzi wamezitia chumvi zile alama zangu, wameongeza za kwao. Mkono kifuani maana yake nimejitoa. Kofia ikigeuzwa, nachukua shehena nzima. Kinyozi wa kona ya pili anafunga duka aje kutazama tu. Jumatatu yule jamaa wa kipaza sauti alikuja kuijaribu meza, akaunguruma, na mama wa nyanya akamwambia, "We baba, shusha sauti, watu wako kazini." Soko la kwetu hilo, Mama Pacha! Alikunja waya wake akaondoka.

Sikuyafanya haya kwa akili. Niliyafanya kwa woga. Laiti ningekuwa na sauti hata robo ya yako, ningepiga kelele kama ulivyoniagiza na leo nisingekuwa na cha kukuandikia. Lakini woga wangu umekutengenezea meza isiyohitaji koo.

Sasa sikiliza ninachokosa. Jana mnunuzi wa viazi aliinua kidole kimoja, nikaona amefika mwisho, nikagonga. Mkulima akanifuata ghalani karibu kulia. Akasema, "Mzee, yule alikuwa bado ana nguvu. Mama Pacha angemkamua mpaka tone la mwisho." Nikamuuliza, angejuaje? Akasema, "Angemtazama tu." Na ni kweli. Mimi nikiwatazama naona kofia. Wewe unaona mfuko. Kila siku wakulima wanapunjika kwa sababu aliyesimama pale ni mimi. Miaka yote tumedhani unauza kwa koo. Koo lilikuwa la kuwaita tu. Kuuza umeuza kwa macho, na hayo hakuna daktari anayeyataka.

Umesema nilikusikia kabla ya kukuona. Kweli. Lakini nilikaa baada ya kukuona.

Sitaki miezi. Sitaki hata sauti, nina ya kwangu mbovu siitumii. Nakutaka wewe. Sijawahi kukwambia hivyo kwa mdomo, basi nimekwambia kwa mkono. Amua mwenyewe, maana mwili ni wako, na hata nikikukataza hujawahi kunisikia. Lakini tiketi sitafuti.

Mumeo,
Baba Pacha


6 Machi

Mama Pacha,

Uko salama? Hili si swali la salamu, nauliza.

Tangu nikuandikie sijapata kitu. Dada yangu nikimpigia anasema, "Kaka, nimeapishwa," anakata. Sijui umeapisha watu kwa lipi. Kama umekasirika, andika umekasirika. Hata tusi moja litanitosha.

Mapacha wanauliza, nawajibu mama yenu anapumzika. Binti hakuniamini. Kila akipokea ujumbe kwenye simu yake nasimama.

Andika chochote.

Baba Pacha


11 Machi

Kwako mume wangu Baba Pacha, mwenye simu isiyokatika kumpigia dada yake,

Hujambo? Mimi sijambo. Sijambo kweli.

Wamekata. Barua yako ilifika asubuhi, mchana nikaweka sahihi. Niliwaapisha wote wasikwambie, nikijua kwamba kama ningekuandikia kisha nikafia kwenye meza ya upasuaji, barua yangu ya mwisho kwako ingekuwa ya kukubali kwamba uko sahihi. Hilo sikulitaka libaki duniani.

Samahani kwa mwandiko, mkono bado mlegevu. Nina tundu shingoni, napumua kwalo. Nilipolala pale wakiniambia nihesabu mpaka usingizi uje, nilihesabu kwa sauti, niliyokuwa nayo, ile ya kunong'ona. Sikuomba dua ndefu. Nilisema, "Imekwenda," basi. Neno langu la mwisho kulisema ni hilo. Mkalimani aliniambia baadaye kwamba wauguzi walimuuliza maana yake, akawaambia ni jina la mume wangu. Usimsahihishe.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya, sitakudanganya. Nilikula kwa mpira wa puani. Nilijiona kwenye kioo cha bafuni nikataka kupiga yowe, nikakumbuka. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia wifi, wewe nilikukasirikia zaidi kwa ile barua yako, nikaisoma tena, nikaendelea kukukasirikia huku nimeishika.

Leo daktari kaja na majibu ya maabara. Kilichotolewa, kingo zake zote ni safi. Tezi za shingo safi. Hawakuacha kitu. Alisema kupitia mkalimani, kisha akasema tena polepole akinitazama mwenyewe, na safari hii alicheka. Mwanamke ana meno mazuri, kumbe huyaficha. Wifi alipiga vigelegele wodi nzima ikaamka, wenye dripu na wasio na dripu. Mimi nilicheka mpaka tundu likapiga mluzi. Muuguzi alikuja mbio akidhani nakabwa.

Nimepona, Baba Pacha. Watanitazama tena kila baada ya miezi kadhaa, lakini leo nimepona na nataka ulisome neno hilo mara mbili.

Sasa mambo ya kazi. Niandikie alama zote, usibakize hata moja. Jana niliwanadia wagonjwa wenzangu blanketi la hospitali. Walishindana vitanda vitatu. Aliyeshinda nilimwona tangu mwanzo, vidole vyake vya miguu vilikuwa vinachezacheza chini ya shuka. Blanketi limerudishwa, lakini bei ilikuwa nzuri.

Mkeo,
Mama Pacha


12 Machi

Mama Pacha wangu,

Nimelisoma mara mbili. Kisha binti akanisomea mara ya tatu, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Mapacha wanacheza jikoni, sufuria zimeanguka, sijali.

Sijambo. Sijawahi kuwa sijambo namna hii.

Alama ni hizi. Kidole ni kidole, kuongeza kwa moja. Mkono wazi ni kuongeza kwa tano. Mkono kifuani, nimejitoa. Kofia kugeuzwa, shehena nzima. Kushika sikio, nataka kuona mali kwanza. Kusalimiana wakati wa mnada ni marufuku, hii imewekwa kwa heshima ya muuza chai. Alininunia mpaka vitunguu vyake vilipopanda bei, sasa ananipa chai ya bure na anauliza lini atapata vingine.

Sokoni nimewatangazia kwamba umepona. Nilipanda juu ya kreti na nilikusudia kusema. Sikuweza. Nikainua mikono yote miwili juu, vidole vyote kumi. Haimo kwenye alama zetu hiyo. Lakini wote walielewa.

Kuhusu mkalimani, sitamsahihisha.

Mumeo,
Baba Pacha (kwa wauguzi: Imekwenda)


2 Mei

Kwako Baba Pacha, uliyelala chumba cha pili,

Salamu kutoka jikoni. Najua hujambo maana nakusikia ukigeuka kitandani. Barua hii haitapigwa picha, nakuachia chini ya birika. Nilipokuwa huko ulizoea kunisoma, na mimi nimezoea kukusoma, sioni sababu tuache kwa kuwa nimerudi. Alama za mkono bado hazitoshi kwa mambo haya.

Nataka nikwambie ya leo asubuhi kama nilivyoyaona mimi, maana wewe ulikuwa nyuma yangu.

Nilipoingia getini niliogopa. Sijawahi kuliogopa soko. Nilifunga kitambaa shingoni, nikafungua, nikafunga tena. Watu walikuja kunikumbatia, nikajua watanitazama tundu, wakanitazama. Mama wa nyanya akasema, "Basi hapo ndipo ulipohamishia pua?" Nikacheka mluzi wangu, akacheka, ikaisha.

Ulinipa kufuli. Mkono wako ulikuwa na jasho. Nikapanda kreti langu, nikagonga, na lile soko langu, lile ambalo zamani nililazimika kulizidi kwa kelele ili linisikie, likatulia lote. Nikasikia hata mizani ikicheza kwenye kamba yake. Ningelia, ila malori yalikuwa yanasubiri.

Kisha nikawatazama. Ee Baba Pacha, nilikuwa nimewamisi! Mnunuzi wa viazi aliinua kidole akajifanya anatazama pembeni. Nikamwacha nusu dakika na aibu yake. Akainua cha pili. Nikamwinulia nyusi. Akainua cha tatu, akajishika kifua, nikamtikisia kichwa, akautoa mkono kifuani akaongeza cha nne. Yule mkulima wako nyuma alikuwa anarukaruka. Nikagonga mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Na hapo nikajisahau. Nilivuta pumzi kutoka tumboni nikafungua mdomo kuiachia, kama siku zote. Haikutoka. Nikabaki mdomo wazi mbele ya watu wote. Nikaona nyuso zao zinabadilika, nikaona huruma inakuja, na huruma ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakiogopa njia nzima tangu hospitali.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Imekwendaaa!"

Mbovu. Imepasuka katikati. Mlango wa jikoni kabisa. Niligeuka kutazama ni mwendawazimu gani, nikakukuta wewe, shingo imekutoka mishipa, macho umefumba. Mume wangu mimi, ambaye siku ya harusi yetu shangazi alikujibia. Kabla sijajua nifanye nini, soko lote likaipokea, wapakiaji, kinyozi, muuza chai na birika lake, "Imekwendaaa!" mpaka getini, mpaka barabarani. Na gunia kwa gunia, mpaka lori likaisha, mimi nagonga, wewe unaanza, wao wanapokea. Sikuwahi kuwa na sauti kubwa hivyo maishani mwangu. Nakwambia kweli, hata nilipokuwa nayo.

Mwalimu wa sauti wa hospitali alinipa kile kidude cha kuegesha shingoni. Nitajifunza, nitakitumia kwa watoto na kwa kugombana na wewe. Sokoni sikihitaji.

Nakushukuru. Kwa woga wako, kwa kufuli, kwa tiketi uliyokataa kutafuta. Nakupenda sana, na hili nililisema mara chache nilipokuwa na sauti kwa sababu nilikuwa na mengine mengi ya kusema.

Chai iko kwenye birika. Kesho malori ni matatu, amka mapema.

Na hiyo "Imekwenda" yako, mwisho unaishusha. Usiishushe. Ivute mpaka wa getini wasikie.

Mkeo,
Mama Pacha